Tengeneza ua wako kabla ya mvua: Funzo kutoka Jinja na Mbale

Alfajiri katika mitaa ya Namakwekwe na Nkoma mjini Mbale, mara tu baada ya adhana na jogoo, husikika ufagio. Akina mama na watoto ambao bado hawajavaa sare za shule huinama kufagia ua hadi udongo ung'ae. Ng'ambo ya barabara, kwa jirani mwenye uwezo zaidi, hakuna udongo wa kufagia. Kuanzia getini hadi barazani ametandika pevingi, yale matofali ya saruji ambayo siku hizi ni fahari ya mwenye nyumba mpya katika miji mingi ya Afrika Mashariki.

Nyua hizo mbili hazifanani kwa sura, lakini mvua ikinyesha zinafanya kazi moja. Udongo uliofagiwa na kukanyagwa miaka nenda miaka rudi umeshindiliwa ukawa mgumu kama sakafu. Pevingi nazo hupitisha maji kidogo sana. Maji yanatafuta geti, yanatoka, na kuanzia hapo yanakuwa shida ya mtu mwingine.

Mbale inajua uzito wa shida hiyo. Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, mvua kubwa ilishuka kwenye miteremko ya Wanale na Mlima Elgon. Mito ya Nabuyonga na Namatala ikavunja kingo zake na kuingia mjini. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, nyumba zikabomoka na barabara zikakatika. Hakuna ua wa mtu mmoja uliosababisha msiba ule. Lakini mto hujazwa na mitaro, mtaro hujazwa na vichochoro, na kichochoro hujazwa na nyua.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kiwanja cha kawaida cha mjini nchini Uganda, futi 50 kwa 100, kina takriban mita za mraba 465. Mvua ya milimita 30, ambayo eneo hili huipata kwa alasiri moja, inamwaga ndani ya kiwanja hicho lita karibu 14,000. Hayo ni majerikani 700 ya lita 20. Mwenye ua ndiye anayeamua ni mangapi yatakayobaki na mangapi yatakayotoka getini.

Jinja na nyua zilizokatwakatwa

Mjini Jinja, kiasi cha kilomita 145 kutoka Mbale kwa barabara ya Tirinyi, historia imeacha nyua za aina nyingine. Nyumba za zamani za mji huo zilijengwa katika viwanja vipana, zikiwa na nyasi mbele na mifereji ya saruji kuzunguka kuta. Nyingi zilikuwa za familia za Kiasia zilizofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Katika eneo la Walukuba, nyumba ndogo za wafanyakazi ziliachiwa nafasi za wazi katikati yake, enzi zile bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, lilipoifanya Jinja kuwa mji wa viwanda.

Leo sehemu kubwa ya nafasi hizo imejaa vyumba vya kupangisha, vibanda na majiko ya nje. Mifereji ya zamani imefukiwa au imezibwa na kaveera, mifuko ya plastiki. Maji yaliyokosa njia huteremka na udongo na taka hadi Ziwa Victoria na Mto Nile, kulekule ambako mji huchota maji yake ya kunywa.

Kinachotia moyo ni kwamba sehemu kubwa ya marekebisho haihitaji mkandarasi. Inahitaji jembe, sururu, toroli, kamba, na Jumamosi mbili tatu kabla ya mvua za Machi au zile zinazoanza Agosti.

Anza kwa kutazama

Kosa la kwanza la wengi ni kuchimba kabla ya kutazama. Mvua inaponyesha, chukua mwavuli utoke nje. Angalia maji ya paa yanaangukia wapi, yanatuama wapi, yanatokea wapi. Angalia pia rangi yake getini. Yakiwa mekundu, huo ni udongo wako unaondoka.

Kisha anza juu, kwenye paa. Nyumba yenye paa la mita za mraba 60 hukusanya lita 1,200 kwa mvua ya milimita 20. Gata ya bati na tangi, au hata mapipa mawili, hupunguza maji yanayochimba msingi na kuokoa fedha za maji ya bomba. Chombo kifunikwe kwa wavu au mfuniko. Mbu huhitaji takriban wiki moja hadi mbili kukua kutoka yai hadi kuruka, na Busoga ni miongoni mwa maeneo yanayosumbuliwa sana na malaria. Ndoo mbovu, matairi na sahani za vyungu vya maua vimwagwe maji kila wiki bila kukosa.

Baada ya paa, geukia ardhi. Wazee wana sababu nzuri ya kufagia ua uwe mweupe: nyoka huonekana mapema. Sababu hiyo haipaswi kupuuzwa. Njia ya kati ni kuacha ukanda mtupu wa mita moja kuzunguka kuta, ambao pia husaidia kuona njia za mchwa, na sehemu iliyobaki kupandwa nyasi fupi. Paspalamu inajulikana na imezoea hali ya hewa ya Uganda. Haihitaji mbegu za dukani. Omba vipandikizi kwa jirani, vipande kwa nafasi ya sentimita 15 hivi mvua zinapoanza, zuia watoto na mbuzi wasivikanyage kwa wiki kadhaa, kisha ufyeke mara kwa mara.

Palipo na ukingo unaomomonyoka, panda mchaichai kwa mstari, mashina yakikaribiana. Mizizi yake hushika udongo, na majani yake huingia kwenye birika la chai. Kwa aliyekwisha kutandika pevingi, si lazima azing'oe zote. Kuondoa ukanda mmoja kando ya uzio na kuujaza kokoto au nyasi tayari kunayapa maji mahali pa kuzama.

Jinja zamisha, Mbale ongoza

Hapa ndipo miji hii miwili inapotofautiana, na kuchanganya ushauri wake kunaweza kuleta madhara.

Kwenye viwanja vya Jinja vyenye mteremko mdogo, shimo la kunyonya maji linafaa. Kwanza pima udongo: chimba kishimo cha sentimita 30, kijaze maji yazame, kisha ukijaze tena. Maji yakiwa bado yapo kesho yake, mahali hapo hapafai. Yakizama, chimba shimo la mita moja kila upande na kina cha zaidi kidogo ya mita moja, lijaze mawe na vipande vya matofali, na uelekeze hapo maji ya paa na ya ua. Liwe mbali na ukuta wa nyumba, angalau mita tatu, na mbali zaidi na choo cha shimo. Migomba ikipandwa kando yake hustawi bila kumwagiliwa.

Kwenye miteremko mikali ya Mbale kuelekea Wanale, usizamishe maji mengi mahali pamoja. Udongo uliolowa kupita kiasi huwa mzito na huweza kuporomoka. Jirani zao wa Bududa wamezika watu kwa sababu ya maporomoko, Machi 2010 na tena Oktoba 2018. Huko kazi ni kuyapunguza maji mwendo na kuyaongoza yakatokee mahali salama.

Kwa hilo kuna kifaa ambacho fundi yeyote wa nyumbani anaweza kujitengenezea. Unganisha miti miwili ya mita mbili kama herufi A, ufunge mti wa tatu katikati, uning'inize jiwe kwa uzi kutoka juu. Uzi ukitulia katikati ya mti ule, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Kwa kifaa hicho utaweza kuchora mtaro unaokata mteremko badala ya kuuteremka, ukiinama kidogo tu, kama sentimita moja kwa kila mita. Udongo unaochimbwa uwekwe upande wa chini na kupandwa nyasi.

Wanaoishi kando ya mito wana wajibu wa ziada. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 30 kutoka ukingo wa mito midogo, mita 100 kwa mito mikubwa kama Nile, na mita 200 kwenye ufuo wa Ziwa Victoria. Bustani ya mboga iliyolimwa hadi majini au ukuta uliojengwa ukingoni huonekana kama nyongeza ya kiwanja, hadi siku mto utakapodai nafasi yake.

Kazi isiyoishia kwenye uzio

Hata hivyo, mtaro mzuri unaomwaga maji kwenye mlango wa jirani haujatengeneza kitu. Kabla ya kuchimba, bisha hodi kwa wa chini yako. Mwulize maji yako humfikia wapi. Mara nyingi majirani watatu wakikubaliana njia moja, kila mmoja huchimba kidogo na gharama hugawanyika.

Utaratibu huo si mgeni kwa watu wa ukanda huu. Waganda na Wasoga wana bulungi bwansi, Rwanda ina umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Tanzania ina msaragambo, na Kenya wameita harambee. Mbale yenyewe, ambayo watu wazima bado wanaikumbuka kama mji uliosifiwa kwa usafi kuliko yote Uganda, haikupata sifa hiyo kwa magari ya taka pekee. Ilisaidiwa pia na watu waliosafisha mifereji iliyokuwa mbele ya milango yao.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye mteremko hata ukuta hausimami. Mwenye nyumba atakayeanza mwaka huu anaweza kujipima mwenyewe msimu ujao. Mvua ikishika, atoke tena na mwavuli wake asimame getini. Yakitoka maji machache, tena meupe, ua wake umefanya kazi yake, na jirani wa chini amelala.