Tangazo Lisilobisha Hodi

Askari aliyetoka lindoni alfajiri hujilaza ili apate usingizi wa saa chache. Simu inalia. Kwa kuwa amezoezwa kuitika kila mwito, huinuka upesi akidhani ni amri ya mkuu wake, au habari ya mgonjwa nyumbani. Kumbe ni biashara tu: mkopo wa haraka, bahati nasibu, wimbo wa kununua. Fedha yake haikuguswa, lakini usingizi umekwisha kuibwa.

Je, wanunuzi huyapokeaje matangazo ya namna hii? Mwaka 2004 wataalamu watatu, Tsang, Ho na Liang, walitoa matokeo ya uchunguzi wao huko Taiwan. Waliona kwamba watu kwa jumla huyachukia matangazo yaletwayo katika simu zao, isipokuwa pale ambapo wao wenyewe wametoa idhini. Kinachochukiwa, basi, si bidhaa bali ni kuingiliwa. Gazeti hulifungua msomaji mwenyewe, na redio huwashwa na mwenye nyumba. Simu humfuata mtu hadi kitandani.

Huko Uingereza kampuni ya Blyk ilianza mwaka 2007 kuwapa vijana wa miaka 16 hadi 24 dakika 43 za maongezi na ujumbe mfupi 217 kila mwezi bila malipo, kwa sharti kwamba wapokee matangazo. Kampuni ilijivunia kwamba kiasi cha robo ya matangazo hayo yalijibiwa. Hesabu hiyo ilitolewa na mwenye duka, na ipokewe hivyo. Hata hivyo, vijana wale walijua wanatoa nini na wanapata nini. Huduma hiyo ilifungwa mwaka 2009.

Mwaka huohuo wa 2009, hapa Uganda, MTN ilianza huduma ya kutuma fedha kwa simu. Tangu hapo simu imekuwa mkoba, na mfanyabiashara na mwizi hupita mlango mmoja. "Umeshinda zawadi, tuma ada kwanza," husema ujumbe, nao umevaa mavazi yaleyale ya tangazo halali. Aliyechoshwa na matangazo hufuta kila kitu, hata onyo la kweli. Mwenzake hujibu kila kitu, na huyo ndiye anayengojewa na tapeli. Kesho yake polisi wa zamu huandika malalamiko, wakati fedha imekwisha kutolewa mbali.

Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kumtaka kwa maandishi yule anayeshika taarifa zake aache kuzitumia kumletea matangazo ya biashara. Barua hiyo haina ugumu: jina, namba ya simu, tarehe, na maneno machache ya kukataa. Nakala moja ibaki kwa mwandishi.