Bastola ya Marisawa na Mifereji Inayoiharibia Kazi

Kampuni ya Taurus ya Brazili ilipoanza kuuza bastola yake ya silinda iitwayo Judge, mnamo 2006, ilisimulia kwamba jina hilo limetokana na majaji wa Miami waliokuwa wakiibeba mahakamani kujilinda. Silinda yake ni ndefu kupita kawaida na ina matundu matano. Kila tundu hupokea ama risasi ya .45 Colt, iliyoanza kutumika Marekani miaka ya 1870, ama ganda la marisawa la .410, ambalo ndilo dogo kuliko mengine ya bunduki za marisawa yanayouzwa sana.

Inawezekana kwa sababu maganda hayo mawili yanakaribiana mno kwa unene, na yote mawili yana msukumo mdogo wa baruti. Silinda haihitaji chuma cha ajabu.

Shida ipo kwenye mtutu. Mtutu wa bunduki ya marisawa huwa laini ndani, na wa bastola huchongwa mifereji ya kuizungusha risasi ili inyooke njiani. Kwa sheria ya Marekani ya 1934, bunduki ya marisawa yenye mtutu chini ya inchi 18 lazima isajiliwe serikali kuu, na bastola yenye mtutu laini inayofyatua marisawa nayo imo. Judge ina mifereji, kwa hiyo mbele ya sheria hiyo ni bastola tu. California haikubali hoja hiyo: huko inahesabiwa bunduki fupi ya marisawa, na ni marufuku.

Sasa ipeleke uwanjani, utundike karatasi. Mifereji inayoikoa silaha hii kisheria inayazungusha marisawa pia, na yakitoka mdomoni yanakimbilia pembeni. Ukiwa hatua chache tu, karatasi imejaa vitundu. Rudi nyuma mita kumi, utakuta duara la vitundu lililo wazi katikati, palepale ulipolenga. Anayedhani marisawa yatamsamehe kutolenga na aitazame karatasi hiyo vizuri. Kila kidonge kilichoikosa kimekwenda mahali, na mwenye bastola ndiye wa kuulizwa.

Marisawa makubwa, manne hivi katika ganda la inchi 2.5, kila moja likikaribia milimita 9, hutulia zaidi kwa umbali wa chumbani. Risasi ya .45 nayo ina kero yake: ni fupi, hivyo huruka sehemu ndefu ya tundu tupu kabla ya kuukuta mtutu, na shabaha hupungua. Mimi ningeinunua kwa sababu moja tu, nyoka mwenye njuga karibu na miguu, kwenye mashamba ya Texas au Arizona.

Mnunuzi asome maandishi ya mtutuni kabla ya kununua maganda. Zipo Judge za inchi 2.5 na za inchi 3, na urefu ulioandikwa kwenye boksi ni wa ganda lililokwisha kufyatuliwa, mdomo wake ukiwa umefunguka. Likiwa zima ni fupi zaidi. Hivyo ganda la inchi 3, hata likionekana limekaa sawasawa katika tundu la inchi 2.5, litoe. Na baada ya kufyatua, brashi ifike ndani ya mifereji, maana plastiki ya maganda hugandia humo.