Majina ya Mwezi na Sayari Yasivurugwe

Mtu wa visiwani hahitaji kufundishwa kwamba mwezi ni kalenda. Mvuvi wa Pemba huzijua siku za bamvua na siku za maji mafu kwa kuutazama mwezi, na miezi yetu ya Kiislamu tumeihesabu kwa namna yetu wenyewe: tukimaliza kufunga tunaanza Mfunguo Mosi, tunakwenda hadi Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Waarabu hawahesabu hivyo. Hesabu hiyo ni mali yetu.

Lakini yafaa ndugu zetu wa visiwani, na wakuu wa serikali pia, wajue kwamba mali ya namna hii imo hata mbali na bahari. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, Wairaqw hulitaja jua na Mungu kwa jina moja, Looa, naye huyo husemwa kuwa ni mama. Katika bonde la Yaeda Wahadzabe wanalo jua lao, Ishoko, aliye mwanamke, na mwezi, Haine, aliye mwanamume. Na ngoma yao tukufu ya epeme huchezwa katika giza, usiku usio na mbalamwezi. Haya si mambo ya kuchekwa. Waingereza nao, pamoja na elimu yao yote, hadi leo Jumatatu yao ni siku ya mwezi na Jumamosi yao ni siku ya Zohali.

Wabantu nao tunacho Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho jina lake limetokana na kulima, maana kuonekana kwake kulimwambia mkulima ashike jembe. Wakhosa wa Afrika ya Kusini hukiita isiLimela. Mzizi ni ule ule, maelfu ya maili kutoka hapa.

Sasa tutazame yaliyotendwa na kalamu zetu. Sayari tano zionekanazo kwa macho zina majina ya tangu zamani katika Kiswahili: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Mabaharia na wanachuoni wa pwani waliyapokea kutoka Kiarabu. Hata hivyo, vimekuwapo vitabu vya shule vya Kiswahili vilivyoiita Utaridi "Zebaki". Zebaki ni ile madini ya maji iliyomo katika kipimajoto! Kwa Kiingereza madini hiyo na sayari hiyo zina jina moja, na bila shaka mfasiri alifungua kamusi akaokota maana ya kwanza aliyoiona. Mshtarii nayo ikaitwa Sumbula, Zohali ikaitwa Sarateni, na Neptune ikapewa jina la Kausi. Mtoto yeyote aliyekaa chuoni akasikia buruji kumi na mbili zikitajwa atakwambia kwamba Sumbula, Saratani na Kausi ni buruji, yaani makundi ya nyota zisizohama mahali pake. Sayari ni kitu kisafiricho. Ndiyo maana ya neno lenyewe.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Katesh hufundishwa jina ambalo babu yake hakulijua, wala mzee wa Makunduchi hakulijua, wala mtaalamu wa nyota hawezi kulitumia. Amepoteza pande zote tatu.

BAKITA kwa upande wa Bara na BAKIZA kwa upande wa Zanzibar wana mamlaka ya kukaa pamoja na Taasisi ya Elimu na kulimaliza jambo hili. Zile tano zirudishiwe majina yake. Uranus na Neptune, zilizogunduliwa mwaka 1781 na 1846, hazikuwa na jina katika jahazi lolote letu, basi zibaki na majina ya ulimwengu. Na watakapotumwa watu kukusanya maneno, wasiishie Unguja na Mombasa: wapande hadi Mbulu, wakae na wazee usiku, wawaulize kila kinachong'aa juu kinaitwaje, nao waandike kwa matamshi ya wenyewe.