Arusi Isiyowachosha Wenyewe

Nilipata kuhudhuria, hapa mwambao, arusi ambayo bibi arusi wake alitolewa ukumbini saa nne za usiku akiwa hajatia kitu tumboni ila chai ya alfajiri, kwa kuwa tangu jua kuchomoza alikuwa akipokezanwa na wapambaji, wapiga picha na jamaa wa kila upande. Na alipoketishwa juu ya kiti cha fahari, uso wake, uliopambwa kwa taadhima kubwa, ulikuwa uso wa mtu anayengoja ruhusa ya kwenda kulala. Nilihuzunika kuona siku iliyoombewa dua miezi mingi imekuwa mzigo kwa yule yule ambaye kwa ajili yake iliwekwa.

Sababu haikuwa uchache wa mali wala wa watu. Mambo ambayo wazee wetu waliyatandaza katika siku nyingi, sisi tumeyakunja yote katika siku moja. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maelezo yake juu ya desturi za Waswahili yalipigwa chapa mwaka 1903, aliyaeleza mambo ya ndoa kwa urefu unaoyastahili, na hapo zamani kila jambo lilikuwa na wakati wake, posa kwa siku yake na mahari kwa siku yake, hata ikafika fungate, ambayo jina lake lenyewe ni hesabu ya siku saba, maarusi wakakaa ndani wakipikiwa na kuhudumiwa bighairi ya kuulizwa neno.

Atakaye arusi ya utulivu na aanze kwa kupambanua lililo wajibu na lililo pambo. Katika ndoa ya Kiislamu, kama ifungwavyo Unguja, Mombasa au Lamu, wajibu ni walii, mashahidi wawili, mahari, na ijabu na kabuli. Akdi yenyewe, pamoja na hotuba na dua, aghalabu haifiki nusu saa, kisha hupitishwa halua na kahawa, watu wakatawanyika wamefurahi. Ukumbi, taarabu, vugo na picha ni mapambo mazuri, nami siyakatai hata kidogo, maadamu hayarundikwi yote jioni moja. Akdi ikifungwa Alhamisi baada ya laasiri, mkusanyiko wa wanawake ukawa siku ya pili yake, na walima, yaani karamu ya ndoa, ukafuata Jumamosi, hapana atakayekimbizana na saa. Wala walima hauna haja ya kuwa wa kutisha: Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwagiza Abdulrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja.

Kuchagua siku nako kwataka fikira. Watu wengi hupenda Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, mwezi huo huangukia mara kiangazi, mara masika. Basi anayekusudia kupika uani na kuwaketisha wageni chini ya turubai kati ya Machi na Mei, na atafute paa kabla hajaandika kadi. Na walio Tanzania Bara wasiichague siku iliyo karibu mno, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla.

Lakini raha ya arusi, kwa rai yangu, huanzia chumbani kwa bibi arusi. Singo, yaani liwa, karafuu na mawaridi yaliyosagwa yakachanganywa na marashi, hupakwa mwilini siku kadhaa mfululizo, na faida yake si ulaini wa ngozi peke yake. Humkalisha binti faraghani, akisuguliwa na mikono ya somo yake, yaani kungwi wake, akisikiliza mazungumzo ya wanawake waliotangulia kuolewa, hata hofu yake ikapungua siku baada ya siku. Hina nayo ipakwe siku mbili kabla, si asubuhi ya arusi, kwani rangi yake huzidi kukolea kwa saa 24 hadi 48 baada ya kubanduliwa, na binti aliyepakwa mapema hulala usiku wa mkesha mikono yake i huru. Ama piko lililotiwa dawa ya kupakia nywele rangi, hilo lataka hadhari kubwa, maana dawa hiyo huweza kuunguza ngozi hata ikaacha makovu. Mimi ningeliacha kabisa.

Siku yenyewe ikifika, dhima ya nje apewe mtu mmoja, mjomba au ami aliye mpole na mwenye kauli, ambaye mpishi, dereva na mwenye ukumbi watamwendea yeye tu. Na dhima ya ndani iwe ya somo, simu ya bibi arusi ikiwa mkononi mwake, ili swali la viti au la mchele lisimfikie aliye mbele ya kioo.

Nanyi akina mama na akina somo, nawaombeni jambo moja: sahani ya wali wa nazi na samaki iingizwe chumbani kabla mpambaji hajafungua wanja wake, na mlango ufungwe mpaka binti amalize kula.