Shanta mbili na bahasha moja: mke na mume katika miji ya Moroko

Tulipoondoka Dar es Salaam tulikuwa na shanta mbili za mgongoni, wala hakuna hata moja iliyozidi kilo 9, na bahasha moja ya plastiki yenye nyaraka. Baadhi ya waumini wa msikiti wetu walituuliza, kwa nia njema tunavyoamini, kwa nini fedha hizo zisingewekwa kwa ajili ya Umra. Swali hilo lilikuwa na haki yake, nasi hatukuwa na jibu la kulitoa hadharani. Jibu la kweli ni kwamba nyumba yetu ilikuwa imenyamaza. Tulikula, tuliswali na kulala chini ya paa moja, lakini kwa zaidi ya mwaka mazungumzo yetu hayakuvuka bei ya mchele na ratiba ya vikao vya kamati.

Moroko tuliichagua kwa sababu mbili. Mwenye kalamu hii alisoma chuoni habari za Ibn Battuta, aliyeondoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa na umri wa miaka 21, akafika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kushuhudia kwamba watu wake ni wacha Mungu wa madhehebu ya Shafi. Mwenzetu, yaani mke, alitaka jambo jepesi zaidi: nchi ambayo mtu huweza kwenda mji hadi mji kwa treni na basi, bila kuongozwa na kijana aliyeshika kibendera.

Casablanca tulikaa siku mbili tu. Ni mji wa haraka, wa honi na tramu zilizojaa, na mtu mwenye shanta mgongoni huwa kero kwa abiria wenzake. Msikiti wa Hassan II, uliokamilika mwaka 1993 ukingoni mwa bahari ya Atlantiki, una mnara wenye urefu wa kiasi cha mita 200. Ukiutazama kutoka chini, kofia huanguka. Rabat tulikuta mnara wa namna nyingine, ule ulioachwa njiani. Mtawala Ya'qub al-Mansur alifariki mwaka 1199 kabla ya msikiti wake kumalizika, na hadi leo mnara umesimama na mita zake 44, mbele yake safu za nguzo zisizo na paa. Mwenzetu alikaa hapo muda mrefu kuliko tulivyopanga. Hatukumuuliza sababu.

Kisha Fes.

Karani wa nyumba ya wageni alituomba hati ya ndoa. Tulikuwa tumeonywa kuwa jambo hilo hutokea, nasi hatukukasirika. Mume alifungua bahasha, akaivuta hati, na pamoja nayo ikaanguka kadi ya kliniki ya mtoto, yenye nafasi za kuandika uzito wa kila mwezi, zote tupu. Mume hakujua kuwa kadi ile bado ipo. Karani aliiokota, akaitazama, akairudisha kwa mikono miwili bila kusema neno.

Mtoto wetu aliishi siku 3. Alizikwa baada ya Alasiri, na jioni ya siku iliyofuata mwenye kalamu hii alikuwa katika ofisi ya msikiti akiandika mukhtasari wa kikao kuhusu pampu ya maji. Watu walimsifu kwa subira yake. Mama wa mtoto alikuwa nyumbani na wanawake wa mtaa, na alizisikia sifa hizo kupitia dirishani.

Usiku ule wa Fes hatukusema kitu. Asubuhi tuliingia mji wa kale, ambao hauna magari kabisa. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili hupishana kwa kugeuka ubavu. Mizigo hubebwa na punda, na wachungaji wao hupaza sauti, “Balak! Balak!”, kama vile wapagazi wa pwani yetu wanavyosema “Simile!” Tulipotea mara nne. Mume alishikilia kuwa anaijua njia kwa kufuata mteremko, na mke, ambaye alikuwa ameuliza muuza zeituni tangu mwanzo, alimfuata kimya mpaka tukatokea tena kwa muuza zeituni yule yule.

Wakati wa Maghrib tulifika mlangoni pa al-Qarawiyyin. Msikiti huu, kwa mujibu wa mapokeo ya watu wa Fes, ulianzishwa mwaka 859 na mwanamke, Fatima al-Fihri, kwa mali aliyorithi. Mlinzi alizitazama shanta zetu, akauliza kama sisi ni Waislamu, kwani misikiti mingi ya nchi ile haiwapokei watalii wasio Waislamu. Tulimjibu kwa shahada, akacheka na kutupisha. Ndani, mtu wa kwetu hujiona mgeni na mwenyeji kwa wakati mmoja. Wengi wa wenyeji, wakifuata madhehebu ya Maliki, husimama katika swala mikono ikiwa imeshuka ubavuni. Imamu husoma kwa riwaya ya Warsh, na sisi tuliolelewa na Hafs tulishtuka kuanzia aya za mwanzo za al-Fatiha. Baada ya swala jamaa walikaa pamoja wakasoma hizbu kwa sauti moja, wazee kwa vijana, bila mtu kutangulia wala kuchelewa.

Upande wa wanawake, bibi mmoja alimshika mwenzetu mkono na kumuuliza ana watoto wangapi. Kwa kawaida yeye hujibu kuwa bado hatujajaaliwa. Safari hii, kwa Kiarabu cha darasani, alijibu: “Mmoja. Yuko kwa Mola wake.” Bibi aliweka kiganja juu ya kichwa chake, akamwombea dua ndefu kwa lugha ya Fes, ambayo mwenzetu hakuielewa hata nusu.

Hayo tulisimuliana tukiwa tumeketi kwenye ngazi kando ya bomba la maji la mtaa, shanta zikiwa miguuni. Mume alianza kueleza habari za pampu. Alinyamazishwa, na kwa haki. Kisha mke akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza tangu siku ile: nani alimwosha mtoto, na maji yalikuwa ya baridi au ya uvuguvugu? Yalikuwa ya uvuguvugu. Baba yake mwenyewe aliyachanganya na kuyapima kwa kiwiko. Tulilia pale hadharani, watu wazima wawili, na punda wakaendelea kupita. Isha tuliiswali chumbani, tumechelewa sana.

Chefchaouen, mji uliojengwa mwaka 1471 katika milima ya Rif, una kuta za buluu zilizokwisha kusifiwa vya kutosha na wapiga picha. Sisi tunalolikumbuka ni njia ya basi yenye kona nyingi na mazungumzo yasiyokatika. Tangier tulizuru kaburi dogo linalosemwa kuwa la Ibn Battuta, ndani ya kichochoro cha mji wa kale. Mwenzetu alikumbusha kwamba msafiri huyu alioa na kuacha wake wengi njiani, na kwamba kitabu chake hakituelezi wao walirudije makwao.

Kutoka hapo treni ya al-Boraq, inayofika kilomita 320 kwa saa, iliturudisha Casablanca. Bahasha sasa ilikuwa katika shanta ya mume. Njiani tuligundua kwa aibu kwamba tumevuka bara zima kuufuata mji wa mtu aliyeiona Kilwa, ilhali sisi wenyewe, wakazi wa Dar es Salaam, hatujaiona. Tumekwisha kuuliza habari za basi la Kilwa Masoko. Kikao cha kamati cha wiki hiyo kitaandikwa na katibu msaidizi.