Oda Imeingia, Nani Kaambiwa?

Kuunganisha jedwali la Airtable (hifadhidata ya mtandaoni) na chaneli ya Slack (programu ya mazungumzo ya timu) kupitia Zapier hakuchukui hata nusu saa. Unaingia kwenye akaunti, unatoa idhini pande zote mbili, unachagua tukio, unaandika ujumbe, unawasha. Hakuna hata mstari mmoja wa msimbo. Kwa kuwa ni rahisi hivyo, wengi huishia hapo, na baada ya miezi kadhaa chaneli huwa imejaa kelele zisizosomwa na mtu, au imenyamaza na hakuna anayejua ilinyamaza lini.

Tuchukue mfano wa kampuni inayokodisha mahema, viti na vyombo vya muziki kwa ajili ya harusi. Oda zote zinaandikwa kwenye jedwali moja: jina la mteja, tarehe ya shughuli, mahali, idadi ya viti, malipo ya awali. Anayepokea simu yuko ofisini, msimamizi yuko ghalani, madereva wako barabarani. Jedwali linajua kila kitu ila halimwambii mtu. Kinachotakiwa ni kwamba oda ikithibitishwa, chaneli ya ghala ipate ujumbe, pasipo kumtegemea mtu akumbuke kupiga simu.

Msomaji atauliza kwa nini isiwe WhatsApp, ambako kila mtu yupo tayari. Ni kwa sababu kundi la kawaida la WhatsApp halikujengwa kupokea ujumbe wa mitambo kwa njia hii, na mlango wake rasmi wa biashara una masharti, ikiwemo violezo vya ujumbe vinavyoidhinishwa kabla ya kutumika. Telegram ilifungua mlango wa roboti mwaka 2015, na kwa timu isiyotaka Slack ni chaguo zuri.

Katikati ya jedwali na chaneli ndipo inapokaa programu ya uunganishaji. Zapier ilianzishwa mwaka 2011 huko Columbia, Missouri, nchini Marekani. Make ilizaliwa Prague kwa jina la Integromat na kubadili jina mwaka 2022. n8n ya Berlin ilitoka mwaka 2019, na mwenye fundi wake anaweza kuiweka kwenye seva yake mwenyewe. Zote hufanya kazi ileile: likitokea hili huku, fanya lile kule. La kwanza huitwa kichocheo, la pili kitendo.

Kabla ya kumlipa huyo wa katikati, angalia kama unamhitaji. Airtable ina kitengo chake cha otomatiki kinachoweza kutuma ujumbe Slack moja kwa moja, na kwa kazi ndogo kinatosha.

Sasa, mtambo unajuaje kwamba kuna jipya? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya mwenye sanduku la posta: huenda, hufungua, hutazama kama kuna barua, hurudi. Kwenye mpango wa bure wa Zapier safari hizo ni za kila dakika 15, yaani 96 kwa siku, liwepo jipya lisiwepo. Njia ya pili ni hifadhidata yenyewe kutuma taarifa mara kitu kinapobadilika, kwenye anwani maalumu iliyopewa. Supabase, kwa mfano, ambayo imejengwa juu ya PostgreSQL, inaweza kufanya hivyo kila mstari mpya unapoingia. Kwa mahema ya Jumamosi ijayo, kuchelewa dakika 15 si kitu. Kwa mteja aliyesimama kaunta akisubiri malipo yake yathibitishwe, ni muda mrefu mno. Na anwani hizo zilindwe kama nenosiri: anayeijua anwani ya kupokelea ujumbe ya chaneli yako ya Slack anaweza kuandika humo chochote.

Kosa linalojirudia kuliko yote linatokana na tabia ya Airtable yenyewe. Mhudumu akibofya kuongeza mstari, rekodi imeshazaliwa saa ileile, tupu. Yeye bado anamuuliza mteja jina, huku mtambo umeshaona rekodi mpya na kutuma ghalani ujumbe usio na jina, tarehe wala idadi ya viti. Dawa yake ni kutengeneza mwonekano unaochuja rekodi zenye tiki kwenye safu ya "Imethibitishwa", kisha kichocheo kiwe ni rekodi kuingia kwenye mwonekano huo. Tiki huwekwa mwisho, maelezo yote yakiwa yameshajazwa.

Hata hapo kuna mtego. Zapier hukumbuka kitambulisho cha kila rekodi iliyokwisha kuiona. Oda ikiondolewa tiki, ikabadilishwa kutoka viti 200 kuwa 350, kisha ikatiwa tiki tena, haitatumwa mara ya pili. Ghala litapakia viti 200, na aibu itaonekana ukumbini. Mabadiliko yanahitaji kichocheo chake chenyewe, kinachofuata safu ya muda wa marekebisho ya mwisho. Safu hiyo nayo iambiwe ifuatilie vipengele vichache tu, kama tarehe, mahali na idadi ya viti. Ukiiacha ifuatilie jedwali zima, halafu mtambo wenyewe ukawa unaandika humo "ujumbe umetumwa", maandishi hayo ni marekebisho mapya, nayo yatazaa ujumbe mpya, na huo utazaa mwingine, usiku kucha.

Muda pia huwachanganya wengi. Airtable hutoa saa zake kwa mitambo mingine kwa majira ya UTC, ambayo yako nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Oda iliyothibitishwa saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni itasomeka kuwa ni ya saa nne usiku, tarehe 31 Mei. Anayefunga hesabu za mwezi anajua uzito wake. Badilisha majira ndani ya mtambo, kabla ujumbe haujatoka.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi: nini, lini, wapi, na kiungo cha kufungulia rekodi. Namba ya simu ya mteja, kitambulisho chake na kiasi alicholipa vibaki kwenye jedwali, ambako unaweza kuamua nani aone na nani asione. Chaneli ya Slack huonwa na kila aliyemo. Tena taarifa hizi hupita kwenye seva za nje ya nchi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, kama ile ya Kenya ya mwaka 2019, inagusa pia usafirishaji wa namna hiyo. Wala usiifanye chaneli kuwa kumbukumbu, kwani Slack ya bure huficha ujumbe uliozidi siku 90.

Gharama nazo zinahitaji hesabu ya kidole. Mpango wa bure wa Zapier umekuwa ukiruhusu kazi 100 kwa mwezi, na kila kitendo kinachokamilika ni kazi moja. Oda 10 kwa siku zinaumaliza mgao ndani ya siku 10. n8n huhesabu mzunguko mzima kuwa mmoja hata ukiwa na hatua nyingi, na ndiyo maana wenye mitambo mirefu huhamia huko.

Lakini kwa maoni yangu bei si hatari kubwa. Hatari ni ukimya. Muunganisho ukifa, hakuna kinachopiga kelele. Chaneli inakaa tulivu, na utulivu huo unafanana kabisa na siku isiyo na oda. Tarehe 1 Februari 2024 Airtable iliacha kupokea funguo zake za zamani na kuzitambua tokeni mpya pekee, kwa hiyo mtambo wowote ambao haukuhamishwa mapema ulikosa njia ya kuingia. Hata pasipo mabadiliko makubwa kama hayo, makosa yakizidi Zapier huuzima mtambo yenyewe, na taarifa yake huenda kwenye barua pepe ya aliyeujenga. Akiwa ameshaacha kazi, barua hiyo haisomwi na mtu.

Kinga yake ni ujumbe wa kila asubuhi unaotaja idadi ya oda zilizothibitishwa jana, hata kama ni sifuri. Usipofika, timu nzima inajua kuna tatizo kabla ya chakula cha mchana. Ukifika na idadi isiyolingana na jedwali, mnajua pia. Ni mtambo wa pili mdogo, na kwangu una thamani kuliko ule wa kwanza.

Basi kabla hujajenga muunganisho mwingine, fungua ukurasa wa akaunti zilizounganishwa uone kila idhini ni ya jina la nani. Idhini iliyotolewa kwa akaunti ya mtu binafsi hufa akaunti hiyo inapofungwa. Zihamishe kwenye akaunti ya ofisi, na uanze na zile za waliokwisha kuondoka.