Ulinzi wa depo: kadenasi, sentineli na kaye vishikane



Mahindi yanayovunwa mwisho wa mvua, mengine yatakaa deponi mpaka mwezi wa 12 au wa 1, wakati bei ya bunga inapanda Likasi na Lubumbashi. Miezi yote hiyo jasho la familia nyingi linalala chini ya manjanja ya nyumba moja. Gunia zikipotea, hasara si ya gunia tu. Memba aliyekubali kungoja bei nzuri hatangoja tena; mwaka unaofuata atauzia mnunuzi wa kwanza anayepita shambani. Ndiyo maana tukiulizwa "tununue nini kwa kulinda depo?", hatuanzi na kitu cha kununua.

Koperative nyingi tayari ziko na vitu: mlango wa chuma, kadenasi, sentineli, kaye. Shida ni kwamba kila kimoja kinafanya kazi peke yake. Sentineli analinda mlango, lakini hajui ndani mko gunia ngapi. Gerant anaandika kaye, na ufunguo iko kwake yeye huyo huyo. Asubuhi gunia 4 zikikosekana, nani atajua? Mwizi anayejua depo yenu hana haja ya kubomoa ukuta. Anapita pale ambapo hakuna mtu wa pili anayeangalia.

Mfano mzuri mnao tayari katika vikundi vya AVEC, mtindo ulioanzishwa na CARE huko Niger mwaka 1991. Sanduku la makuta linafungwa kwa kadenasi tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na yule anayelala na sanduku nyumbani hana hata ufunguo mmoja. Hesabu inasomwa mbele ya wote. Depo inaweza kufanya vile vile: kadenasi mbili mlangoni, ufunguo mmoja kwa gerant, wa pili kwa mmoja wa wale waliochaguliwa kuangalia kazi ya viongozi. Sheria ya OHADA ya 2010 juu ya koperative, ambayo inatumika hapa Kongo pia, inataka waangalizi hao wawepo kando na viongozi. Basi wapewe kazi ya kweli, si jina tu.

Kaye nayo iwe mbili, moja kwa gerant, moja kwa mwangalizi, na memba apewe karatasi yake siku anapoleta mazao. Andikeni idadi ya gunia, kilo, na unyevu. Unyevu una maana kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Mahindi ya kilo 100 yenye unyevu wa 18 kwa mia, yakikauka mpaka 13 kwa mia, yanabaki karibu kilo 94. Hizo kilo 6 hakuna aliyeiba. Lakini kama unyevu haukuandikwa, anayeiba atajificha nyuma ya maneno "mahindi yalikauka", na gerant mwaminifu ataitwa mwizi bure. Kwa samaki wa kukausha wa Tshangalele hatari ni zaidi: ni wepesi, wanabebeka, wanauzika siku hiyo hiyo. Wapimwe wakiingia na wapimwe wakitoka.

Gunia zipangwe kwa mistari iliyo sawa, ili moja ikiondoka pengo lionekane, na ziachane na ukuta karibu nusu meta. Mtu azunguke, aone kama tofali zimetobolewa au panya wameingia. Mlangoni tazameni bawaba: kama skrubu ziko nje, kadenasi ya bei kali haisaidii kitu.

Sentineli asishike ufunguo. Jioni na asubuhi ahesabu kadenasi pamoja na mtu wa koperative, watie saini wote wawili. Apewe filimbi, tochi, telefone yenye uniti na namba za majirani watatu walio tayari kuamka. Kazi yake ni kuita watu, hapana kupigana na wenye panga. Na alipwe kwa wakati; sentineli mwenye njaa kati ya gunia za mahindi, huo ni mtego mlioutega wenyewe.

Kamera je? Kwa duka la Likasi lenye umeme, inaweza kufaa. Kwetu, nyaya za umeme zinapita juu ya vichwa kutoka lambo la Mwadingusha kuelekea migodi, na vijiji vingi vinabaki gizani. Anzeni na taa ya jua inayojiwasha mtu akisogea, ifungwe juu mahali mkono haufiki, na sentineli awe upande anakoiona.

Makuta ya mauzo yasilale deponi. Yakipitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, namba ya siri isiwe kwa mtu mmoja anayeandika kaye pia; na ujumbe wa kila malipo usomwe kwenye mkutano, ulinganishwe na gunia zilizotoka.

Ikitokea mmeibiwa, msifagie wala msipange upya. Iteni gerant na mwangalizi pamoja, hesabuni mbele ya memba, andikeni tarehe, saa na kile kinachokosekana, kisha mpeleke karatasi hiyo polisi. Mkikamata mtu, asipigwe wala kuchomwa. Mfu hawezi kusema ni nani alimpa ufunguo.